Pindo la Leso na Ukingo wa Njia: Uhakiki wa Mapambo ya Pembeni katika Pwani ya Malindi na Kilifi

1. Utangulizi

Katika mazungumzo ya wahakiki wetu kuna neno dogo lililofanya madhara makubwa. Neno hilo ni "tu", hasa linapolifuata neno "pambo". Husemwa kwamba vina ni pambo tu, nakshi za mlango ni pambo tu, na pindo la leso ni pambo tu. Neno hilo likishatamkwa, msemaji hujiona amesamehewa kazi ya kutazama, akageukia kile anachokiita maudhui, kana kwamba maudhui hayo yalikuwa yakimngoja mahali pengine, yamekwisha vuliwa nguo.

Nakiri kwamba nami nilikuwa miongoni mwa wasemaji hao. Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa kazi ya kukusanya majina ya leso katika mji wa Malindi. Nilikwenda madukani na majumbani, nikanakili majina katika daftari, nikayapanga kwa alfabeti, kisha nikayagawa kwa dhamira: mapenzi, husuda, malezi, dini, siasa. Kazi ile ilisifiwa. Baadaye nilimsomea orodha yangu mama mmoja mtu mzima, naye kila nilipotaja jina aliniuliza leso hiyo ilikuwa ya pindo gani. Sikuwa na jibu hata kwa jina moja. Daftari lilikuwa limejaa, lakini leso haikuwamo.

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali la mama yule, ingawa jibu limechelewa. Tutatazama vitu vya kawaida vya ukanda unaoanzia Takaungu na Kilifi kwa upande wa kusini hadi Malindi na Mambrui kwa upande wa kaskazini: nguo, milango ya mawe, na njia za uani zilizopangwa mawe pembeni. Kisha tutarudi katika ushairi, ambao ndio shamba letu. Hoja yetu ni kwamba sanaa ya ukanda huu huelekea ukingoni kwa sababu maalumu. Ukingo ndipo mahali ambapo kitu huchakaa kwanza, ndipo kinapokutana na kisicho chenyewe, na ndipo macho ya mtu wa nje yanapokisoma. Mhakiki anayeukata ukingo ili apate "kiini" hupata kitu kingine, wala si kile alichodhani amekipata.

2. Lugha yenyewe yasemaje?

Yafaa tuanze na msamiati, maana wenye lugha wamekwisha fikiri kabla yetu. Neno "pindo" linatokana na kitenzi "pinda", yaani kukunja. Nguo iliyokatwa huachwa na nyuzi zinazofumuka; fundi huikunja pembeni na kuishona, na kazi hiyo huitwa kupinda. Kwa hiyo maana ya kwanza ya pindo ni uzima wa nguo. Uzuri ulikuja baadaye, ukakaa palepale ambapo uzima ulikuwa umetengenezwa.

Neno "ukingo" nalo ni jamaa wa kitenzi "kinga". Ukingo wa kisima humkinga mtu asitumbukie, na ukingo wa paa huukinga ukuta na mvua. Katika lugha hii, basi, kufika ukingoni ni kufika mahali penye ulinzi, na asemaye kwamba mambo ya pembeni hayana uzito anasema kinyume cha maneno anayoyatumia.

Msamiati wa nguo unaonyesha jinsi mahali hapa palivyoshughulikiwa. Kuna taraza, yaani utepe wa rangi uliofumwa ukingoni mwa nguo. Kuna darizi, ambayo ni kazi ya sindano. Kuna almaria, jina lililotokana na Kireno. Kuna matamvua, ambayo ni nyuzi zilizoachwa zining'inie na kufungwa mafundo. Na kuna sijafu, yaani mkunjo wa mkono wa vazi. Kikoi cha kawaida huwa cheupe au cha rangi moja katikati, na mistari yake ya rangi hukaa pembeni. Kanzu nayo huwa tambarare mwili mzima, ila shingoni na kifuani ndipo fundi anapoonyesha mkono wake. Isiyo na kazi hiyo huitwa kanzu ya mfuto. Tunaona hapa kwamba kanzu hupewa sifa yake kwa kazi ya ukingoni: ipo kazi, au haipo.

3. Leso

Leso, ambayo kwingine huitwa kanga, ina sehemu tatu. Pindo huizunguka nguo pande zote nne. Mji ndio uwanja wa katikati. Jina ni maneno yaliyochapwa chini ya mji, karibu kabisa na pindo la upande mrefu. Leso huuzwa mbili mbili zikiwa hazijatenganishwa, na mnunuzi huzipeleka kwa fundi azikate na kuzipinda. Yaani leso haiwi vazi kamili mpaka pindo lililochapwa liwe limepindwa kweli.

Historia yake inaeleza mengi. Masimulizi yanayokubaliwa na wengi yanasema kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi ambavyo Wareno waliviita lenço, wakavinunua vikiwa katika jora lisilokatwa, kisha wakaunganisha sita, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja pana. Baadaye wafanyabiashara wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa namna hiyo. Jina la leso, linalotumika hadi leo Mombasa, Kilifi na Malindi, ni kumbukumbu ya vitambaa vile. Maneno yaliongezwa katika karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu na kisha kwa hati za Kirumi. Uongezaji huo huhusishwa sana na duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1887, ambalo leso zake hujulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla".

Hebu tuutazame mfuatano huo. Leso ilikuwa nguo ya kuvaliwa, kutunzwa na kupewana kabla haijaandikwa neno. Jina lilikuja likakuta nyumba imekwisha jengwa, likapewa chumba karibu na ukingo. Sisi wanafunzi wa lugha, kwa kuwa tunapenda maneno, tumemfanya mgeni kuwa mwenye nyumba.

Wapo watakaosema kwamba kutangulia si ushahidi wa umuhimu. Na tufanye basi jaribio la kuondoa. Ondoa jina: je, leso imekwisha? Haijaisha. Kisutu, ile leso ya rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi ambayo bibi harusi hupewa, kwa desturi hakina jina, na hapana anayekitilia shaka. Badili mji: je, leso imekwisha? Haijaisha, maana mji hubadilika kila toleo, mara maua, mara embe, mara nukta. Sasa ondoa pindo. Hapo umepata kitenge. Kitenge ni nguo nzuri na yenye heshima yake, na rangi zake hukimbia kutoka upande hadi upande bila kukoma, lakini hapana muuza nguo wa Malindi atakayekuuzia kitenge kwa jina la leso. Sehemu ambayo ikiondolewa kitu hubadilika jinsi yake haiwezi kuitwa pambo tu.

Tena tuitazame leso ikiwa mwilini, maana haikutengenezwa itundikwe ukutani. Mwanamke anapojifunga leso, sehemu kubwa ya mji huingia katika mikunjo. Kinachobaki wazi ni pindo linalopita kifuani au kiunoni, pindo linalogusa miguu, na jina lililoegemea pindo hilo la chini. Anapojitanda ya pili kichwani, pindo la juu ndilo linalouzunguka uso. Anapombeba mtoto, mji humbeba mtoto na mapindo hufungwa fundo. Na pesa zake za sokoni huzifunga wapi? Pindoni. Kona ya leso ni hazina ya zamani kuliko benki zote za mji wa Malindi, na mama akianza kulifungua fundo lile polepole, mtoto aliyeomba pesa hujua kwamba ombi lake limekubaliwa.

Jina lenyewe husomwa kwa hisani ya pindo. Kwa kuwa liko karibu na ukingo, mvaaji ndiye anayeamua kama litaonekana: akitaka lisomwe huliacha lianguke nyuma panapoonekana, na asipotaka hulikunja ndani. Chukua methali "Wema hauozi", ambayo imepata kuwa jina la leso. Katika daftari langu niliiweka chini ya dhamira ya maadili. Lakini binti akimpa mama yake leso hiyo, ni shukrani; na mtu akiivaa mbele ya jirani aliyesahau fadhila, ni shutuma. Maneno ni yaleyale. Tofauti iko katika nani amempa nani, leso ni ya rangi gani, ni ya arusi au ya jikoni, imefungwa vipi na imegeuziwa upande gani. Mambo hayo yote yako nje ya jina, na mengi yako pindoni.

4. Mlango wa jiwe

Mtu anaweza kudhani kwamba tunazungumza juu ya upendeleo wa wanawake na nguo zao. Tuyatazame basi mawe, ambayo hayavaliwi na mtu.

Magofu ya Gede, yaliyoko kusini ya Malindi, yalichimbwa na James Kirkman kati ya mwaka 1948 na 1958, na mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ukiingia katika nyumba zake utaona kuta za mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yaliyoshikwa kwa chokaa na kupakwa lipu. Ukuta wenyewe ni mtupu. Kazi ya fundi utaiona mlangoni: jiwe lililokatwa kwa ncha kali, tao lililochongoka juu, na fremu ya mraba iliyolizunguka tao hilo kwa mistari iliyonyooka. Juu ya mlango mmoja wa msikiti mkuu umechongwa mkuki wenye bapa pana. Palepale Gede kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, kwa hiyo mapendeleo haya yametangulia leso kwa karne nyingi. Na huko Mnarani, juu ya mwamba upande wa kusini wa mkono wa bahari wa Kilifi, maandishi bora ya msikiti yalichongwa kuuzunguka mihrabu.

Sababu ya kwanza ya mpango huu ni ya ufundi. Tumbawe la nchi kavu ni gumu na lina matundu. Halikubali nakshi ndogo. Tumbawe linalotolewa baharini huwa laini likiwa bichi, hukatwa na kuchongwa kwa urahisi, kisha hukauka na kuwa gumu. Kulipata ni kazi, kwa hiyo haliwezi kutumiwa ovyo kwa ukuta mzima. Huwekwa panapohitaji ncha kamili, nako ni mlangoni, dirishani na mihrabuni.

Lakini ufundi hautoshi kuwa maelezo yote. Fundi angeweza kuukata mlango vizuri na kuuacha hivyo. Badala yake aliuzungushia mstari, na ndani ya mstari mstari mwingine, mpaka anayeingia aone kwamba anavuka. Mlango ni mahali ambapo mtu wa nje anageuka mgeni, na mgeni anageuka mtu wa ndani. Hapo ndipo nyumba inaposema. Katikati ya ukuta hapana anayepita, na kwa hiyo hapana haja ya kusema neno.

5. Njia ya uani

Kutoka katika milango ya wakubwa wa zamani twende katika ua wa mtu wa kawaida. Katika nyumba nyingi za Malindi, Watamu na Kilifi, njia itokayo barabarani hadi mlangoni imepangwa mawe pembeni. Mara nyingi ni vipande vya matumbawe vilivyopakwa chokaa. Mahali pengine ni makombe na simbi, chupa zilizopinduliwa shingo chini, au kipande cha tairi kilichokatwa meno. Ofisi za serikali na shule nazo zina mawe yao meupe, yaliyopangwa kwa unyofu wa gwaride. Nyuma ya mawe hupandwa mrehani, asumini, au maua yoyote yanayostahimili mchanga na chumvi.

Ni rahisi kuyaita mawe haya pambo tu. Lakini mtu aliyekaa katika nyumba hizo anajua kazi yake. Usiku usio na mwezi, chokaa humwonyesha mtu pa kukanyaga. Mvua za masika zinapokuja, mawe huuzuia mchanga usikimbie na maji. Anayefagia ua asubuhi hujua ufagio wake unaishia wapi, na mtoto hujua wapi pa kukimbilia na wapi pana miche ya mama. Hakuna ukuta wala onyo la maandishi. Mawe kumi na mawili yaliyopakwa chokaa yanatosha. Na mgeni akiona yamepakwa upya, hufahamu kwamba nyumba hiyo inamngoja mtu, au ina arusi, au sikukuu imekaribia.

Hapa pia ukingo una gharama yake, na si kila gharama ni halali. Mwaka 1968 zilitangazwa hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, na kuchukua makombe na matumbawe ndani ya hifadhi hizo ni marufuku. Ukingo wa bustani moja usijengwe kwa kuuvunja ukingo wa bahari, maana mwamba wa matumbawe ndio pindo la pwani hii: huvunja wimbi kabla halijafika ufukweni. Chupa na tairi hazina uzuri wa simbi, lakini zinatimiza kazi ileile, na hiyo ni dalili kwamba kinachotafutwa ni ukingo wenyewe kuliko kitu kinachoutengeneza.

6. Pingamizi moja

Mhakiki makini atatuuliza: pindo la leso litakuwaje na maana ya jamii hii, ikiwa leso zilichapwa Ulaya, kisha India na Japani, kisha katika viwanda kama Urafiki wa Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 1968, na Rivatex ya Eldoret, iliyoanzishwa miaka ya 1970, na ikiwa leo nyingi zinatoka tena India na China? Je, hatumpi mchoraji wa mbali heshima isiyo yake?

Pingamizi hili lina uzito, na hatulipuuzi. Lakini linachanganya kuchapa na kutunga. Mwenye mashine huchapa kile kitakachonunuliwa, na wanunuzi wa leso ni mahakimu wakali. Pindo lisilopendwa hubaki rafuni hadi rangi yake ipauke, na mfanyabiashara hulipa gharama ya hukumu hiyo kutoka mfukoni mwake. Toleo linalopendwa huchapwa tena. Kwa njia hii pindo limetungwa kwa uteuzi wa muda mrefu, kama ngano inavyotungwa na wasimulizi wengi bila mmoja kuweza kuitia sahihi. Hatujapata kukataa kuiita ngano fasihi yetu kwa sababu tu kitabu chake kilipigwa chapa London.

Isitoshe, ukingo wa leso hutunza hata kumbukumbu za biashara hiyo. Alama ya duka na namba ya toleo huchapwa kwa herufi ndogo pembeni. Mtafiti anayetaka kujua leso ilitoka kwa nani hana budi kusoma pembeni. Katikati hakuna habari hiyo.

7. Kukata

Kuna maduka ya watalii ambamo leso hukatwa ili kushonewa mito, mikoba na vitambaa vya meza. Katika kazi hiyo mji huchukuliwa kwa sababu ya maua yake, jina mara nyingine huachwa kwa sababu ya ugeni wake, na pindo hutupwa chini ya cherehani. Hatumlaumu fundi anayetafuta riziki. Twamtaja kwa kuwa anafanya kwa mkasi kile ambacho sisi tulifanya kwa kalamu.

Ukanda huu unao mfano mzito zaidi wa kukata. Wagiriama, kwa ajili ya marehemu wa chama cha Gohu, husimamisha vigango, ambavyo ni mbao ndefu zilizochongwa kwa safu za pembetatu. Kigango kikishasimamishwa hakiondolewi. Mahali pake ni sehemu ya maana yake. Lakini vigango vingi viling'olewa au kukatwa na kuuzwa nchi za nje, vikatundikwa katika majumba ya makumbusho na kusifiwa kwa umbo lao. Mwaka 2007 vigango viwili vilivyoibwa miaka ya 1980 vilirudishwa kwa wenyewe kutoka Marekani, na vingine vimefuata baadaye. Waliovisifu huko ng'ambo hawakuwa vipofu. Umbo waliliona vizuri. Kilichowapotea ni ardhi iliyokizunguka kigango na watu waliokijia na maombi yao. Jina la leso lililonakiliwa peke yake ni kigango kidogo: limesomeka, limehifadhiwa, na limeng'olewa.

8. Pindo la ushairi

Sasa turudi nyumbani kwetu. Utenzi, kama tujuavyo, una beti za vipande vinne vya mizani nane nane. Vipande vitatu vya kwanza hufanana kwa vina, na cha nne hubeba kina ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kina hicho huitwa cha bahari. Katika vitabu vilivyopigwa chapa kwa hati za Kirumi, vipande vinne hupangwa kimoja chini ya kingine, na kina cha bahari huonekana mara moja katika kila mistari minne, kimetawanyika kama kitu kilichodondoka.

Katika miswada ya zamani ya hati za Kiarabu mambo mara nyingi yalikuwa mengine. Ubeti mmoja uliweza kuandikwa kwa mstari mmoja, vipande vikitenganishwa kwa alama ndogo. Kwa kuwa hati hiyo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kina cha bahari kilifika mwisho wa kila mstari upande wa kushoto, kikajipanga kuanzia juu hadi chini ya ukurasa. Msomaji alikiona kabla ya kukisikia. Lilikuwa pindo kwa maana kamili: limepinda kila ubeti usifumuke, na limeushika utenzi mzima uwe nguo moja.

Mpigachapa alipoupanga upya ukurasa hakubadilisha neno hata moja. Alikata pindo tu. Na baada ya hapo wahakiki, wakiwa na kitabu mkononi, walitazama kina kile kilichotawanyika wakasema kwamba vina ni pambo. Walikuwa wakweli kuhusu ukurasa waliokuwa nao. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba ule ndio ukurasa.

Tunakumbuka mjadala wa fani na maudhui uliotawala miaka ya 1970 na 1980. Wengine waliyafananisha mambo hayo mawili na kikombe na kinywaji kilichomo. Wengine waliukataa mfano huo, wakaleta chungwa, ambalo ganda na nyama yake vimekua pamoja. Chungwa lilikuwa hatua mbele, lakini hata chungwa humenywa, na ganda lake hutupwa. Pwani hii inatupa mfano ulio bora zaidi. Pindo la leso ni kitambaa kilekile cha mji, limechapwa kwa mashine ileile siku ileile, na mvaaji hawezi kuuvaa mji akaliacha pindo sandukuni. Hakuna upande ulio chombo na mwingine ulio chakula.

Mfano huu unatusaidia pia katika ule mgogoro wa mashairi huru, uliopamba moto baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974. Wanajadi walisema kwamba utungo usio na vina na mizani si ushairi. Wanamabadiliko walijibu kwamba vina ni minyororo. Kwa maoni yetu pande zote mbili ziliupa ukingo uzito wake, ila moja iliuogopa na nyingine iliulinda. Muuza nguo wa Malindi angewapatanisha kwa dakika moja. Kitenge ni nguo halali, na mshoni hukikata kwa namna ambazo leso haikubali. Lakini kisiitwe leso, wala leso isilaumiwe kwa kuwa na pindo. Shairi huru nalo lina ukingo wake, maana kila mshororo hukatwa mahali fulani na mtunzi hana budi kujibu kwa nini amekata hapo. Akishindwa kujibu, nyuzi zitafumuka.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba katika nguo, katika jiwe, katika njia na katika ubeti, kazi bora ya ukanda huu imewekwa pembeni, na kwamba imewekwa huko kwa sababu pembeni ndipo penye hatari na ndipo penye watu. Yatokayo na hoja hii ni mambo ya vitendo, nayo ni machache.

Kwanza, anayekusanya majina ya leso asikusanye majina. Akusanye leso. Kwa kila moja aandike rangi na umbo la pindo, umbo la mji, alama ya duka na namba iliyoko pembeni, mwaka uliponunuliwa, nani alimpa nani, na katika tukio gani. Leso kumi zilizoandikwa hivyo katika mji wa Mambrui au Takaungu zitafaa kuliko majina elfu yaliyopangwa kwa alfabeti.

Pili, anayehariri tenzi kwa ajili ya kupiga chapa na aeleze muswada wake ulivyopangwa, na panapowezekana atoe picha ya ukurasa mmoja, ili msomaji alione pindo hata kama kitabu hakiwezi kulibeba.

Tatu, neno "tu" lisilifuate neno "pambo" kabla mwandishi hajaeleza nini kingetokea kama pambo hilo lingeondolewa.

Ama yule mama aliyeniuliza kuhusu pindo, nilirudi kwake baada ya miaka mingi nikiwa na daftari jipya. Alifungua sanduku, akatoa leso moja moja, akazikunjua sakafuni. Kabla ya kunisomea jina lolote, alishika pindo kwa vidole viwili, akalitazama, ndipo akanieleza leso ile ilitoka kwa nani.